Muuaji Anayejulikana na Wote



Wapendwa wasomaji wa tafakari hizi, juma lililopita tulipokuwa na vijana wa parokia tuliitaja sinema moja ya Kihindi iitwayo Kahaani, na kabla ya jua kutua malalamiko yalikwisha kufika ofisini. Mzee mmoja wa halmashauri ya walei, mtu tunayemheshimu sana, alituuliza iwapo ni halali kwa padre, tena katika siku za Kwaresima, kuwasifia vijana picha iliyojaa sanamu za miungu ya kike, yenye mwanamke mjamzito anayewazungusha polisi wa mji mzima. Tulimwambia kwamba tutamjibu kwa maandishi. Basi tunaandika, na tunamwomba radhi mapema, kwa maana tunayotaka kuyasema leo yatamwudhi kuliko yale aliyosimuliwa na vijana.

Kwanza, sisi watu wa Tabora hatuna haki ya kuishangaa India kana kwamba imetufikia jana kwa dishi la televisheni. Kabla Wamisionari wa Afrika hawajatia mguu hapa mwaka 1878, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilikwisha kuuleta uhindi katika Unyanyembe. Kaniki walizovaa bibi zetu zilitoka ng'ambo ya bahari. Musa Mzuri, mfanyabiashara mwenye asili ya Surat, alikuwa na nyumba na maghala hapa Kazeh, na Speke alipopita safari yake ya pili, mwaka 1861, alikaribishwa nyumbani kwake. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu kwenda pwani, wakarudi na nguo na shanga, na katika njia hiyohiyo walipitishwa watumwa, wengi wao wanawake, ambao majina yao hakuna daftari lililoyahifadhi. Njia ikabadilika ikawa reli, na reli ikaleta mikanda ya sinema. Mzee wetu mwenyewe, akiulizwa kwa upole, atakiri kwamba enzi za ujana wake hapakuwa na mtu wa mjini asiyelijua jina la Mother India, picha ya mwaka 1957, ambamo mama anampiga risasi mwanawe wa kumzaa kwa sababu amemteka binti wa watu. Watu wa rika lake walitoka ukumbini wakifuta machozi. Hatujasikia kwamba padre wa wakati ule aliletewa malalamiko.

Baada ya kumbi za sinema yakaja mabanda ya video, yenye mabenchi, turubai, na sauti ya mtafsiri ikizungumza Kiswahili juu ya Kihindi, mara nyingine ikiongeza utani ambao mwandishi wa sinema hakuuota. Siku hizi vijana wanazibeba picha hizo ndani ya simu. Ndivyo Kahaani, iliyotoka Machi 2012 chini ya mwongozaji Sujoy Ghosh, ilivyofika katika vigango ambako gari la parokia hushindwa kufika masika. Asiyeiona naye anakusudia kuitazama, aziruke aya mbili zinazofuata, kwa sababu tutafichua mwisho wake.

Mwanamke aitwaye Vidya Bagchi, akiigizwa na Vidya Balan, anashuka uwanja wa ndege wa Kolkata akitokea London. Ana mimba kubwa. Anakwenda moja kwa moja kituo cha polisi kuandikisha kwamba mumewe, aliyekuja mjini humo kikazi, ametoweka. Kila anapouliza anaambiwa kwamba mtu wa jina hilo hakuwahi kufika. Anapanga chumba katika nyumba ya wageni hafifu na kuanza kupekua daftari moja baada ya jingine. Polisi kijana, Rana, anamwamini na kufuatana naye. Mama mmoja mtumishi wa ofisi, Agnes D'Mello, anathubutu kumwambia kwamba mumewe anafanana na mtu mwingine aliyewahi kufanya kazi pale. Kwa neno hilo moja Agnes anauawa. Muuaji ni bwana mnene mwenye miwani na haya nyingi, Bob Biswas, ambaye mchana huuza bima ya maisha na kugombezwa na mkubwa wake wa kazi.

Mwishoni tunagundua kwamba mimba ni ya bandia. Mume wa kweli alikwisha kufa miaka miwili nyuma, katika shambulio la gesi ya sumu ndani ya treni ya mjini, na mama huyu, kwa mshtuko wa kuiona maiti, alimpoteza mtoto wake tumboni. Safari nzima ilikuwa mtego wa kumnasa aliyetega sumu ile. Anamwua kwa mkono wake usiku wa kilele cha sikukuu ya Durga, kisha anapotea katika umati wa wanawake waliovaa kama yeye, akiwaachia polisi ushahidi wa kumkamata mkubwa serikalini aliyekuwa nyuma ya mambo yote.

Sasa, ndugu zetu, tuliwaambia nini vijana? Hatukuwaambia wakaiabudu Durga. Tuliwaambia watazame kitu kimoja tu: mjane anauliza swali, na anaendelea kuuliza mpaka mji mzima unachoka naye. Kisha tukawauliza ni lini wao walimwona mjane wa kijijini kwao akiuliza swali la namna hiyo. Ukimya ulitanda. Binti mmoja akasema polepole, "Padre, kwetu mjane haulizi. Anaulizwa."

Hapo ndipo tulipotaka kufika, na tunadhani ndipo penye maumivu ya mzee wetu. Katika sinema ya upelelezi muuaji hajulikani, na watu wote wanamtafuta. Katika vijiji vyetu muuaji anajulikana na wote, na hakuna anayemtafuta. Hilo siyo fumbo. Ni siri, tena siri ya watu mia tano.

Tusijifanye hatufahamu tunachozungumza. Hesabu za serikali zilizokusanywa katika miaka ya 1980 zilionyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake, na sehemu kubwa ya mauaji hayo yalitokea huku kwetu, Usukumani na Unyamwezini. Mnamo Julai 2017, hapahapa mkoani Tabora, wilayani Nzega, wanawake watano waliuawa na miili yao kuchomwa moto, wakituhumiwa kuwa wachawi. Watano, kijijini, mbele ya majirani. Watu wengi walikamatwa na kufikishwa mahakamani. Pale hapakuhitajika mpelelezi kutoka London.

Na tuhuma yenyewe ni ipi? Macho mekundu. Bikizee amepika miaka sitini juu ya mafiga matatu, kwa kuni mbichi au kwa samadi kavu pale miti ilipokwisha, ndani ya jiko lisilo na dirisha. Moshi umeyala macho yake kwa ajili ya kuwalisha watoto na wajukuu, na wajukuu haohao wakishakua wanayasoma macho yale kama hati ya mashtaka. Mtoto akifa kwa malaria, ng'ombe akianguka, mganga anapiga ramli, na ramli haikosi kuelekea mlango ulio jirani. Serikali iliwapiga marufuku wapiga ramli mnamo Januari 2015. Tunaipongeza kwa hilo. Lakini tunawajua waamini wetu wanaopokea Ekaristi Jumapili na Jumanne wanaonekana wakipita njia ya nyuma na kuku mweupe mkononi. Wanadhani padre hana macho.

Tena mara nyingi uchawi ni nguo tu iliyovikwa juu ya jambo jingine, nalo ni shamba. Mume amekufa, mjane amebaki na ekari kadhaa, na shemeji ana wana wanne wanaotaka kuoa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume. Ila matamko ya sheria za kimila ya mwaka 1963 yanamweka mjane mahali pa mgeni katika nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Wajane wawili wa Kitanzania, waliofukuzwa na ndugu za waume zao, walipanda ngazi zote: Mahakama Kuu mwaka 2006, Mahakama ya Rufani mwaka 2010, na hatimaye Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake, ambayo mwaka 2015 iliamua kwamba nchi yetu haikuwatendea haki. Hao ndio kina Vidya wa kweli. Vijana wetu wanalijua jina la yule wa Kolkata, na hawa wawili hawajawahi hata kusikia kwamba wapo. Nabothi naye alipigwa mawe kwa shtaka la uongo, na kilichotakiwa kilikuwa shamba lake la mizabibu, wala si heshima ya Mungu. Someni Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21, halafu mtuambie kama hamkulitambua jina la shemeji wa mtu.

Tunapaswa pia kuyaungama yetu. Miaka kadhaa iliyopita tulimzika bibi mmoja katika kigango ambacho hatutakitaja. Alikatwa mapanga mlangoni pake, saa mbili usiku, wakati wa chakula, na nyumba za jirani zilikuwa na taa. Mazishi yalijaa. Tulihubiri kwa kuyafuata maneno ya Ayubu juu ya Bwana anayetoa na kutwaa, kana kwamba ni Bwana aliyeshika panga. Waombolezaji walitikisa vichwa kwa kuridhika. Wiki hiyo wanawake watatu, kila mmoja kwa wakati wake, walitujia uani (hatusemi habari za kitubio, hizo zimefungwa) wakalitaja jina lilelile moja. Kila mmoja alimalizia kwa sentensi ileile: "Lakini Padre, mimi sikusema." Nasi tukafanya nini? Tuliwaambia wasali. Hakuna shahidi aliyekwenda polisi, kesi haikuwepo, na yule mwenye jina alitusaidia kubeba mabati ya kanisa la kigango mwaka uliofuata. Tukamshukuru hadharani.

Jumatatu ya Juma la Tano la Kwaresima Kanisa linatusomea habari za Susana, Danieli sura ya 13. Ndugu zetu wa madhehebu mengine hawanayo katika Biblia zao, na tunawaonea huruma, kwa sababu ni hadithi ya upelelezi iliyotangulia sinema zote. Wazee wawili, tena waamuzi wanaoheshimiwa, wanamtamani mke wa mtu. Anapowakataa wanamsingizia uzinzi, na mkutano wote unawaamini kwa sababu ni wazee na ni waamuzi. Anahukumiwa kufa. Kijana mmoja, Danieli, anapaza sauti kwamba yeye hana hatia ya damu hiyo. Kisha anawatenga wale wazee na kumwuliza kila mmoja peke yake: uliwaona chini ya mti gani? Huyu anataja mti huu, yule anataja mwingine. Uongo unaanguka.

Tazameni jinsi Danieli alivyofanya. Hakulia wala hakuandaa mkesha. Aliuliza swali dogo, la mti. Kwetu Tabora miti haikosekani. Miembe imesimama pande zote za njia ya zamani, na chini yake ndipo vikao vya kijiji hufanyika. Chini ya mwembe upi bikizee yule alipigiwa kura? Nani aliitisha kikao? Nani alimlipa mganga, na kwa mbuzi wa nani? Maswali haya yana majibu, na majibu yanatembea kijijini kwa miguu yao wenyewe.

Tunalijua pingamizi linalokuja, nalo ni zito kuliko lile la sanamu. Padre, utasemaje juu ya mwisho wa sinema hiyo? Mwanamke anaua, na banda zima linashangilia. Si ndicho hicho hicho wanachokifanya wauaji wa vikongwe, kujichukulia hukumu? Ni kweli. Na tusijifiche nyuma ya Yudithi, mjane mwingine aliyejipamba, akamdanganya adui wa watu wake, na kurudi na kichwa chake kikapuni. Vita vya Bethulia si ugomvi wa kijiji. Hata Susana mwishowe aliwaona waliomsingizia wakiuawa kwa sheria ya Musa, na hatuisomi sura ile ili tuwashike wazee mashati. Sisi tulikwisha kuionja haki ya mikononi mwa watu. Sungusungu walipoanza huku mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikomesha wizi wa ng'ombe, nasi hatuwanyimi sifa hiyo, lakini palepale walianza pia kuwasaka waliowaita wachawi. Panga lililonolewa kwa ajili ya mwizi lilimkuta bibi.

Kwa hiyo tunamwona Vidya Bagchi amekosea hapo, na tulipenda zaidi kile alichokiacha nyuma kuliko alichokifanya usiku ule: ushahidi uliowekwa mkononi mwa polisi. Mwigizaji huyohuyo, mwaka mmoja kabla, aliigiza mwanamke mwingine, naye huyo ni wa kweli. Mwaka 1999, huko New Delhi, binti aitwaye Jessica Lal alipigwa risasi katika tafrija iliyojaa wageni, kwa sababu alikataa kumpa kinywaji mtoto wa mwanasiasa. Walioona walikuwa wengi. Mahakamani mashahidi wakageuka, mmoja baada ya mwingine, na Februari 2006 mtuhumiwa akaachiwa huru. Dada wa marehemu, Sabrina, hakununua bastola. Aliendelea kudai, magazeti na wananchi wakapiga kelele pamoja naye, na Desemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Delhi ikamhukumu muuaji kifungo cha maisha. Mwaka 2018 Sabrina aliandika barua kwamba amemsamehe na hana pingamizi akiachiliwa. Alikwisha kuupata ukweli ndipo akasamehe. Huku kwetu tunawahimiza watu wasamehe ili ukweli usitafutwe, na tunauita huo amani ya kijiji.

Wapo watakaosema kwamba ile ni sinema tu. Sawa. Lakini mtu huonekana kwa anachokishangilia. Huko India kwenyewe watazamaji walimpenda mno yule muuza bima mwenye bastola, hata mwaka 2021 akatengenezewa sinema yake mwenyewe yenye jina lake, Bob Biswas. Agnes D'Mello, aliyekufa kwa kusema neno moja la kweli, hakutengenezewa kitu. Tuliwauliza vijana wangapi wanalikumbuka jina la Bob. Mikono yote ilikwenda juu. Jina la yule mama wa ofisini lilikumbukwa na msichana mmoja tu, yuleyule aliyesema kwamba kwao mjane anaulizwa.

Mzee wetu mpendwa, wewe ulilalamika kwamba mwanamke anawazungusha polisi. Tungefurahi sana kumwona mwanamke mmoja wa parokia hii akiwazungusha polisi, akirudi kituoni kila Jumatatu na daftari lake, na kijana mmoja wa aina ya Rana akimpa kiti badala ya kumwambia aje kesho. Tungemlipia nauli. Wala hatusemi kwamba ni rahisi. Kituo kiko mbali, na shahidi anarudi kulala katika nyumba ileile yenye mlango wa mabanzi, jirani na yule aliyemtaja. Agnes aliuawa nyumbani kwake. Ndiyo maana asiende mmoja. Waende ishirini, na padre awe wa kwanza garini. Tumekwisha kumwambia katekista mkuu kwamba gari la parokia litatumika kwa kazi hiyo kabla ya kazi ya kusomba mchanga wa ujenzi.

Jumatatu hiyo jumuiya zote zitaisoma Danieli 13 yote, aya 64, bila kurukwa. Kisha kila jumuiya iandike katika daftari jina la kila bikizee anayeishi peke yake katika eneo lake, nani analala karibu naye, jiko lake lina dirisha au halina, shamba lake ni la ekari ngapi, na nani amekuwa akilizungumzia shamba hilo. Daftari liletwe ofisini kabla ya Jumapili ya Matawi. Na mwenye jina la mtu moyoni mwake, aje wakati wowote, hata usiku. Mlinzi wa geti ameambiwa asimwulize mtu anataka nini.